Sahani ya Kabange

Kila siku mama yangu alipakua sahani mbili zinazolingana, yangu na ya Kabange. Ugali wa bukari kiasi kilekile, sombe ya majani ya muhogo kiasi kilekile, na kama samaki kutoka Bukama alikuwa mmoja tu, alikatwa katikati mbele ya macho yangu. Kabange alikuwa pacha wangu. Alikuwa amekufa miaka kumi iliyopita.

Katika kambi ya reli ya Kamina hakuna aliyeshangaa. Mapasa, yaani mapacha, hupewa sawa hata mmoja akiondoka. Asiyepewa hukasirika, na akikasirika humwita mwenzake. Sahani ya Kabange ilikaa mezani mpaka nimalize kula, kisha chakula chake kikapelekwa kwa watoto wa jirani.

Na mapasa hawaliliwi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa. Pacha mmoja akifa na mama yake akadondosha chozi, aliyebaki anaweza kumfuata. Kwa hiyo siku surua ilipomchukua Kabange, tukiwa na miaka sita, wanawake walimpaka mama udongo mweupe usoni, wakamshika mikono huku na huku, wakamchezesha uani. Waliimba nyimbo za mapasa, zile zenye matusi ya kuchekesha juu ya baba na mama, na mama aliimba kuwashinda wote. Nakumbuka meno yake. Sikumbuki macho.

Tangu siku hiyo hakuacha kuimba na kucheka. Jumamosi, wanawake wa kambi walipotakiwa kucheza nyimbo za chama tawala mbele ya ofisi, mama, aliyeitwa Mama Mujinga, jina la Kiluba lisilohusu ujinga, alikuwa mstari wa mbele. Mapasa wakizaliwa popote kati ya stesheni na kambi ya jeshi, yeye ndiye aliyeitwa kuongoza nyimbo. Pasta Manassé alimtaja kanisani. Alisema furaha ni kitu ambacho mtu anakichagua asubuhi kama anavyochagua nguo, na asiyeamini amtazame Mama Mujinga. Watu wakamtazama. Mama akatabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona kidole gumba chake kinavyosugua ukingo wa kitenge, kinasugua bila kupumzika, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimeshatoboka. Vitenge vyake vyote vilikuwa na tundu mahali hapo.

Mwaka wa 1983, katika baridi ya mwezi wa sita, Albertine alijifungua mapasa. Alikuwa mke wa Ngoy, fundi wa vichwa vya treni, na nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Kwenye kitambulisho alikuwa na jina la bibi yake, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali, lakini kambini alikuwa Albertine tu. Watoto waliitwa Kyungu na Kabange, kama sisi, kwa kuwa mapasa wote wa Kiluba huitwa hivyo, wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Mama aliwaimbia siku ya kuzaliwa mpaka sauti ikakauka.

Siku ya tisa homa ilimuua yule Kabange mdogo.

Kesho yake asubuhi Mama Mathilde, mama yake Ngoy, alifika kwetu akihema. Alikuwa mwanamke mnene kutoka Kabondo-Dianda, asiyependa kuomba kitu. Alieleza kwamba Albertine hakuwa amekula tangu jana. Mtoto aliyebaki alipowekwa kifuani, alimwacha ateleze. Maziwa yalikuwa yanapungua. Machozi hayajaanguka bado, alisema, lakini yako karibu, na yakianguka tu mjukuu wake amekwenda. Mama aje amchekeshe.

Mama alichukua kibuyu chake cha kutikisa. Mimi nilimfuata, kwa kuwa pacha aliye hai huleta bahati katika nyumba ya namna ile.

Chumba kilijaa wanawake. Albertine alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, uso mweupe kwa udongo, wanawake wawili wamemshika mikono juu ya viwiko. Mtoto alilia kwenye bega la shangazi. Mama alisimama katikati, akatikisa kibuyu mara tatu, akafungua mdomo.

Wimbo haukutoka.

Akatikisa tena. Wanawake walipokea kibwagizo wakidhani wamechelewa, kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Nilifuata macho ya mama. Alikuwa anatazama mkono wa kulia wa Albertine. Juu ulikuwa umeshikwa, lakini chini vidole vilikuwa huru, na kidole gumba kilikuwa kinasugua ukingo wa kitenge.

Mama aliweka kibuyu chini. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, aliwaambia wanawake wamwachie huyo mtoto wa watu mikono yake na watoke nje.

"Weye unataka kufanya nini?" Mama Mathilde aliuliza.

"Nataka alie."

Wawili kati ya wanawake walitoka bila kuaga. Mama Mathilde alisimama mlangoni na kuujaza.

"Miaka kumi unatuchekesha," alisema. "Leo umeamka unataka kuua batoto ya bantu."

"Miaka kumi sikuchagua, mama. Mulinishika mikono."

"Tulikuponyesha mutoto. Ni ule anasimama pale, mukubwa kama mulingoti."

Wote walinigeukia mimi, mlingoti. Mama pia. 

"Basi nitalia minyi kwanza," alisema. "Kyungu wangu njo huyu. Kama machozi inaua, ianze kwake."

Nitasema ukweli: niliogopa. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari, nilijua surua ni ugonjwa wa kuambukiza, nilikuwa nimeuandika kwenye daftari na kupata alama nzuri. Lakini tumbo langu halikuwa limesoma daftari lile. Tangu utotoni, kila nilipopata homa, nilikuwa nafungua macho na kumkuta mama ameinama juu yangu, macho makavu na mekundu, akitabasamu kwa nguvu zake zote. Nilijua tabasamu lile linazuia nini. Sasa alikuwa ananiomba ruhusa ya kuliachia, na hakuna mwingine duniani ambaye angeweza kumpa.

"Lia, mama," nilisema. "Minyi niko hapa. Siendi fasi yoyote."

Mama Mathilde alipiga ulimi. Nilidhani atatuma mtu amwite Ngoy kutoka karakana. Lakini mama alimwokotea kibuyu, akampa kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkwe wake, akamwomba aongoze nyimbo nje. Waimbe kwa nguvu, alisema. Kabange asikie nyimbo, asisikie kilio. Mtoto aende naye, akae katikati ya nyimbo.

Mama Mathilde alikipokea kibuyu. Kisha akamchukua mjukuu, akamfunga mgongoni, akakaza fundo. Alipofika kwenye kizingiti alinigeukia.

"Ukisikia kizunguzungu, piga ukuta," aliniambia.

Mlango ukafungwa. Nje nyimbo zikaanza, na ndani mama alikaa kwenye mkeka, bega lake likigusa la Albertine. Hakumwambia jipe moyo. Alianza kuzungumza juu ya pacha wangu. Alisema Kabange wake alikuwa anaficha ndizi ndani ya viatu vya baba, na siku moja baba alikwenda kazini nazo kwa treni mpaka Kabalo. Alisema Kabange alizijua treni kwa honi, ile ya mizigo na ile ya abiria, na alikuwa anazijibu kwa mdomo akiwa chooni. Alisema alikuwa na alama nyuma ya sikio. Miaka kumi mama alikuwa amempakulia chakula, na sikuwahi kumsikia akisema jambo moja la namna hiyo. Nilikuwa nimesahau honi. Nilikuwa nimesahau ndizi.

Kisha akalia.

Hakulia kwa staha. Alilia mdomo wazi, kamasi zikitoka, mwili ukitikisika kama behewa tupu kwenye reli mbovu, na alinishika mkono mpaka mifupa ikasikika. Nilijisikiliza. Moyo ulikuwa unapiga. Nilivuta pumzi, ikaingia, nikaitoa, ikatoka. Albertine alitutazama wote wawili, mimi na mama, mimi na mama, kama anayesubiri niporomoke. Sikuporomoka. Ndipo uso wake ukapasuka, udongo ukateremka na machozi, akamwangukia mama kifuani.

Ukuta ukagongwa kutoka nje.

"Kyungu, uko?"

"Niko."

Nyimbo ziliendelea. Baada ya muda ukagongwa tena, nikajibu tena. Mara ya tatu nilijibu kwamba niko na nina njaa, na nikasikia wanawake wakicheka kule nje.

Katikati ya yote hayo Mama Mathilde alifika kwenye mstari unaomtania baba wa mapasa kwa pua yake, akauimba kabla ya wakati wake. Mama aliinua kichwa.

"Amekosea," alisema, machozi yakiwa bado yanateremka. "Ule mustari unakuja mwisho."

Akaanza kucheka. Hakikuwa kile kicheko chake cha Jumamosi. Hiki kilikuwa kibaya, kizito, kilichokwama kooni, na Albertine alikishika naye, akicheka na kulia kwa pamoja mpaka akaomba maji. Baada ya maji aliomba mtoto.

Mama Mathilde aliingia naye. Kabla ya kumfungua mgongoni alinikagua kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, kama kuku wa sokoni. Kisha akamweka mjukuu kifuani kwa mama yake, akakaa chini kwa uzito wake wote, akageuza uso kuelekea ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kumbe na yeye alikuwa bibi wa Kabange. Hakuna aliyemshika mikono.

Mtoto aliponyonya, mama alimweleza Albertine yatakayofuata, bila mapambo. "Kesho nitakuya. Utaoga, utakula. Utasema jina yake kidogo, utalia kidogo kama inakuya. Kisha tutaenda soko pamoja, uone bantu. Kucheka, utacheka siku weye mwenyewe unataka."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza kama basi Pasta Manassé alikuwa anadanganya. 

"Hapana," alisema. "Furaha unaichagua. Lakini mikono iwe ya kwako."

Jioni jua lilikuwa bado juu ya paa za kambi alipopika. Alisonga bukari, akapakua sahani mbili zinazolingana, akaziweka mezani. Samaki alikuwa mmoja, akamkata katikati. Nilianza kula. Nilimtazama kwa jicho la pembeni, nikisubiri aniambie niite watoto wa jirani.

Hakusema. Alinawa mikono, akavuta kiti ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekikalia miaka kumi, akakaa. Akavuta sahani ya Kabange karibu yake, akakata tonge, akachovya katika sombe, akala.

"Imepoa kidogo," alisema, na akaendelea mpaka sahani ikawa tupu.