Harufu ya Spiriti

Kinyozi yule wateja walimwita Hariri, maana wembe wake ulipita kidevuni usihisi kitu. Mkewe alimpenda kwa mengi, na mojawapo, msicheke, lilikuwa harufu ya spiriti. Tangu uchumba alinukia spiriti ile ya kusafishia nyembe, mikononi, kwenye kola, mpaka kwenye mto. Mashoga zake walimtania, "Wewe umeolewa na chupa ya dawa!" Naye alicheka, akazoea.

Ugonjwa wa mumewe aliujua nje ndani. Daktari aliuita baipola. Nyumbani waliuita kupanda na kushuka. Akipanda, Hariri halali, anabishana na redio, anataka kufungua maduka ya kinyozi mji mzima. Akishuka, hata kuoga ni vita. Vidonge vilimweka sawa, na mke akajipa cheo cha mlinzi. Akimwona kimya, kushuka. Akimsikia anacheka kupita kiasi, kupanda. La tatu kwake halikuwepo.

La tatu likaja. Hariri alianza kuogopa wateja. Mtu akikaa tu kitini na kuegemeza kichwa, koo wazi mbele ya wembe, moyo wa kinyozi ulikwenda mbio, jasho likamtiririka, pumzi ikamkatika, akajiona anakufa pale pale. Alimwambia mkewe mara moja tu, wakiwa mezani.

"Meza vidonge vyako ulale," mke alimjibu, akaendelea kupakua.

Hakusema tena. Nani angesema tena?

Kliniki, daktari alimnusa, akauliza, "Mzee anakunywa?"

Mke akaangua kicheko. "Huyu? Daktari, hiyo harufu ya kazi! Mimi mwenyewe nimeolewa nayo."

Hariri alitazama viatu vyake. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango, daktari akaandika anachoandika, akaita mwingine.

Alasiri moja mke alikuwa akifagia dukani, kipande cha kioo kikamkata kidole. Akachukua chupa ya spiriti rafuni, akamimina. Ikawasha, lakini harufu haikuwa yenyewe. Akanusa kidole. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Lo! Pombe kali, ile ya magendo, ndani ya chupa yenye karatasi ya duka la dawa.

"Hii nini?"

Hariri alikaa kwenye kiti cha wateja, mgongo akaupa kioo. "Inatuliza mkono," alisema. "Ile hofu ikija, nikimeza funda mkono unatulia, namaliza kichwa cha mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nilale."

Hasira zilimpanda mwanamke yule, na aibu chini yake. Alimwaga kila chupa kwenye mtaro, akafunga duka, funguo akazitia kifuani. "Kuanzia leo hata tone!" Hariri alikubali, maskini, kama mtoto aliyeshikwa. Mke alijiona ameokoa nyumba. Hakujua kwamba mwili uliozoea pombe haukatishwi ghafla hivyo, unahitaji madaktari wa kuushikilia.

Haikuchukua muda. Kikombe hakikukaa mkononi. Hariri akawa halali, anaongea peke yake, anafagia ukutani kwa brashi ya nywele sisimizi ambao hawakuwepo. Mama mkwe alikuja, akamtazama mwanawe, akatikisa kichwa. "Amepanda tena." Wakampeleka hospitali.

"Amepanda, daktari," mama mkwe alitangulia kusema.

"Anakunywa?"

"Toba! Mwanangu hajui hata rangi ya pombe!" Bibi yule akamgeukia mkwewe. "Si ndiyo, mwanangu?"

Mke akawaza. Amvue mume nguo mbele ya mama yake mzazi? Isitoshe, alijiambia, pombe yenyewe imeshamwagwa, hanywi tena, kwa hiyo si uongo. Akainamisha kichwa, wote wakaona amekubali. Hariri akaongezewa dawa ya kutuliza kupanda, wakaambiwa wasubiri kwenye benchi.

Hapo kwenye benchi ndipo kifafa kilipomwangusha. Kichwa kiligonga sakafu, povu likamtoka lenye damu ya ulimi. Ndipo mke akapiga mayowe yaliyosikika wodi nzima: "Anakunywa! Anakunywa, daktari! Nimemkatisha mimi!"

Hakufa. Mke alisimulia yote, hata ile hofu, na daktari akawaeleza polepole bila kufoka, na heri angefoka. Hofu ile ni ugonjwa kamili, alisema, na hofu, pombe na baipola huandamana mara nyingi. Hutibiwa pamoja, maana ukiacha moja itaziamsha nyingine.

"Basi atapona?" mama mkwe aliuliza. Tangu siku ya benchi alikuwa hamtazami mkwewe usoni.

"Dawa ipo, na yupo mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu, ingawa foleni yake ni ndefu. Ila ameumia kichwani. Mkono wa wembe siwezi kuwaahidi. Na kazi yenye harufu ile, asahau."

Kiti cha kinyozi kiliuzwa. Siku hizi Hariri ananukia sabuni ya kufulia, na usiku mke akigeuka kitandani hushtuka, akidhani amelala na mgeni.

Juzi walimpeleka kupimwa damu. Muuguzi, binti mchangamfu, alichovya pamba kwenye spiriti akampangusa mkono. Hariri akainua uso. Pua zikamtanuka, akameza mate, mwili mzima ukaifuata ile pamba.

"Usiangalie, mume wangu."

"Siangalii. Nanusa."

Mke akamziba pua kwa kiganja. Akahisi midomo ya mumewe ikimtetemeka mkononi.

"Tulia, baba," muuguzi alisema, akitafuta mshipa. "Mkono haukai."

"Dada," Hariri akamjibu kupitia vidole vya mkewe, "cha kuutuliza ndicho hicho umekishika."

Binti akacheka, akadhani ni utani. Mke akazidi kubana.