Ndevu za Bethwel Zapimwa

Bethwel alikuwa mtunza panya katika maabara moja ya utafiti nje ya Nakuru. Kila alipobadilisha maranda kwenye vizimba, vumbi lilimfanya apige chafya mpaka machozi yakamtoka. Ndipo Linah, afisa wa usalama, akamletea maski maalum.

Kwanza ilibidi ipimwe kama inamkaa vizuri. Linah alimvika kofia pana ya plastiki iliyofunika kichwa chote pamoja na maski, akapuliza dawa chungu ndani ya kofia hiyo. Maski ikikaa sawa, mtu hasikii uchungu wowote.

"Unasikia kitu?"

Bethwel alijua kwamba ndevu zake, ambazo kanisa zima kule Subukia lilizisifu, zilikuwa hatarini. "Hapana, madam," akajibu, uso umejikunja kama wa mtu aliyetafuna mwarobaini.

Linah akapuliza tena. "Na sasa?"

"Ni... ni tamu kidogo." Hapo kikohozi kikamshika, akang'oa kila kitu na kukimbilia mfereji.

"Bethwel, hewa inapitia kwa ndevu. Chagua: ndevu ama mapafu."

Mchana huohuo alienda kwa kinyozi, roho ikimuuma. Aliporudi maski ikamkaa sawasawa, na akabadilisha maranda yote bila chafya hata moja.

Jioni, mkewe Zeddy alimkuta amesimama mlangoni. "Karibu, boss. Mwenye nyumba bado hajarudi."

"Zeddy, ni mimi!"

Zeddy akamkagua kidevu, akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe niliolewa na kijana!"