Jile ya Mutu Mwenye Kuzama

Sikia, hii utasema ni uongo, lakini ilitokea hapa kwetu Gisenyi, wakati Wabeleji wako bado wanatawala, na bandari nzima iliona: baharia Harerimana alizama Jumanne, Ijumaa akarudi kazini.

Thacienne, bibi yake, alikuwa anamenya viazi ya kuuzia mabaharia. Akaona bwana yake anatoka kwa maji ya ziwa, anapanda mawe polepole, maji inamutoka kwa masikio. Akasogeza kitunga ili apite.

"Umerudi?"

"Nimerudi. Kapita iko wapi?"

"Iko kwa mashua, anapakiza kahawa. Kula kwanza."

"Hapana, tumbo imejaa."

Ile mashua ilikuwa ya injini, inabeba kahawa na abiria mpaka Kibuye na Bukavu. Ndani mulikuwa sanduku yenye kufuli, na ndani ya sanduku jile za kuelea, koti za kuzuia mutu asizame, mupya kabisa, kitambaa nene yenye kushonewa mbao nyepesi. Ile siku jile zilifika, mabaharia waliuliza: tutavaa wakati gani? Upepo ikianza? Mutu akipanda juu kufunga turubai? Patron, Muzungu mwenye mashua, Swahili yake ilikuwa ya kuokoteza. Akajibu: "Hii iko ya mutu mwenye kuzama."

Kapita Dauda, mukubwa wa mabaharia, akashika ile neno vile ilisemwa. Mwenye hajazama, hagusi. Patron alisikia namna kapita anaeleza watu, akamuacha aendelee, kwani hivyo jile zilibaki safi, mukaguzi wa serikali akikuja.

Donc, basi, ile Ijumaa Dauda akamuangalia Harerimana, maji inadondoka kwa mbao ya mashua, akafungua kufuli. "Bon. We sasa iko na haki." Akamupimia. Ikamutosha.

Harerimana alifanya kazi vizuri. Abiria walilalamika tu kama magunia inalowana. Nyumbani Thacienne alimutandikia mukeka yake kando, asiloweshe Laurence na wadogo wake.

Mwenye alimuogopea sasa ni Phocas, mudogo wa bwana yake. Phocas alikuwa baharia mashua ileile, hajui kuogelea, na tangu kaka yake azame, ye njo anapanda juu ya mizigo kufunga turubai wakati wa upepo.

Asubuhi moja Harerimana akavua jile, akamuvalisha mudogo wake pale bandarini. "Vaa. Mi nilishamaliza kuzama."

Kapita akaona. "We Phocas! Umezama?"

"Bado, kapita."

"Basi unavaa ya nini?"

Mabaharia wakacheka. "Ruka kidogo, Phocas, ukunywe maji, upate yako!"

Thacienne akashika kiuno. "Yewe, Kapita Dauda! Huyu mwingine alishakufa. Itamusaidia nini?"

"Mama Laurence, maneno yako naisikia." Dauda alisema kwa upole, kama mutu mwenye kueleza bei. "Lakini patron alisema ya mwenye kuzama. Nikimupa muzima, mi na ye wote tunafukuzwa."

Akamuvua Phocas, akaweka jile kwa mikono ya Thacienne, amurudishie mwenyewe.

Injini ilikuwa inawaka. Thacienne alisimama nayo. Ilikuwa nyepesi kama kitunga kitupu. Angeweza kukataa kuirudisha palepale. Angeweza kumushika Phocas shati, asipande. Lakini alifikiri kazi: nyumbani kwao Busasamana mashamba ilishagawanywa mpaka imekuwa kama mikeka, Phocas akifukuzwa hapa ataenda wapi? Na kapita alikuwa anamuangalia. Akamuvalisha bwana yake, akafunga kamba.

"Shemeji, acha ile uso ya kilio," Phocas akamucheka. "Ni Kibuye tu."

Upepo iliwakuta katikati. Phocas akapanda kufunga turubai, mbao ikateleza, akaenda. Harerimana akaruka nyuma yake palepale. Kule chini alikuwa anakujua, njia yote. Lakini jile haikumuacha kushuka. Vidole yake iliyovimba ilishindwa kufungua ile fundo ya bibi yake. Akaelea pale juu, uso ndani ya maji, akimuangalia mudogo wake anakuwa mudogo zaidi, mpaka basi.

Kisha siku chache, Phocas naye akapanda mawe ya bandari. Kapita alishafungua sanduku, alishamuchagulia saizi. Kazi ya turubai patron aliipatia mutu mumoja wa Cyanzarwe, muzima, mwenye afya. Ye hana jile. Bado hajazama.

Tangu pale, kila asubuhi, Thacienne anafunga kamba ya watu wawili. Harerimana hajamuuliza kitu hata siku moja. Phocas njo anasema, "Shemeji, legeza kidogo," na ye anashindwa kujua alegeze ama akaze.

Sasa we mwenye kusoma: injini inawaka, kapita anakuangalia, jile iko kwa mikono yako na Phocas anacheka. Ungefanya nini?