Mlio Mmoja wa Saa Kumi na Mbili

Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, simu ya Wawira ililia mara moja ikanyamaza. Hakuishika hata siku moja. Kuishika flashi, mlio wa ishara tu, ni kumlia mwenzako kredi bure, na tena ya nini, wakati maana yake aliijua? Maana yake ni kwamba Cherono, mwenza wake wa maombi, amepiga magoti kule kijijini Keringet. Basi Wawira naye, hapa mjini mtaa wa Free Area, alimrudishia mlio mmoja, akapiga magoti kando ya kitanda, polepole asimwamshe mtoto.

Ilianza na bakuli la plastiki. Novemba ya mwaka uliopita, akina mama wa ushirika wa kanisa walitia majina yao humo wakapiga kura, kila mmoja apate mwenza wa maombi. Wawira alipomtoa Cherono, jirani yake wa ploti moja, walirukaruka kama watoto. Cherono aliweka mkono juu ya tumbo la Wawira, lililokuwa limeanza kumtangulia kila aendako, akasema, "Huyu siku ya kubarikiwa kanisani nitambeba mimi. Usimpe mtu mwingine, umesikia?"

Kisha kura zikapigwa, zile nyingine za kuchagua rais, na nchi ikageuka. Kabiru, shemeji yake Wawira, alichomewa nyumba huko Kuresoi, akaja kuishi kwenye mahema ya wakimbizi ya uwanja wa maonyesho. Na hapa mtaani watu wakaanza kumwangalia Cherono, wa kabila la waliochoma, kwa jicho lile. Asubuhi moja ya Januari mumewe alipakia vitu kwenye pikapu, wakaenda kwao. Hapakuwa na nafasi ya kuagana. Dirishani mwa pikapu Cherono aliinua simu yake, kisha akainua kidole kimoja. Tangu siku hiyo ni mlio tu. Sauti, hapana.

Na mlio ulimtosha Wawira, mpaka Alhamisi moja ya Aprili, ushirika ulipokutana kwa Sue, mwenye saluni.

"Bwana asifiwe!" Sue alisema akimimina chai. "Cherono anawasalimu sana. Jana tumeongea mpaka sikio likawa moto."

Kikombe cha Wawira kilisimama njiani. "Mmeongea?"

"Ai! Kwani nyinyi hamuongei? Mimi hunipigia kila wiki."

Wivu ni kama siafu. Huoni ulipoingilia, unashtukia umeshafika mahali huwezi kujikuna mbele za watu. Wawira alitabasamu, akala mandazi mawili ambayo hakuyataka.

"Na mtoto wetu anabarikiwa Jumapili ya tatu kutoka leo, ama?" Sue aliendelea. "Kama hana wa kumbeba, niko hapa. Nina hata kitenge kipya."

"Nitaona," Wawira alisema. Moyoni alisema mengine. Amechukua sauti, sasa anataka na mtoto!

Nyumbani, mumewe Naftaly alimsikiliza huku akivua viatu. "Yaani unamwonea mtu wivu kwa sababu ya maombi?"

"Si maombi. Mimi napewa mlio, Sue anapewa sauti."

"Na wewe umewahi kumpigia?"

Wawira alijitia kupanga nepi. Hakuwa amempigia. Angemwambia nini? Kwamba Kabiru analala kwenye hema? Ingekuwa kama kumlaumu. Asiposema, ingekuwa kama kumficha.

Kesho yake simu ilipolia aliilaza kifudifudi. Alijaribu kuomba, lakini maombi yalitoka kama mashtaka: Bwana, unamwona Sue? Unamwona na kitenge chake? Akaona aibu, akanyamaza. Siku ya pili hakurudisha flashi, wala ya tatu. Cherono hakuacha. Siku kumi alipiga mlio wake mmoja, na siku kumi Wawira alimwacha apige magoti peke yake.

Siku ya kumi na moja simu haikulia.

Alingoja huku akimnyonyesha mtoto, mpaka jua likafika kwenye sufuria zilizoning'inia ukutani. Alidhani hiki ndicho alichokitaka. Mbona basi kifua kilikuwa kitupu hivi? Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja hadi saluni.

"Sue, niambie ukweli. Cherono sasa ni mwenza wako?"

Sue alikuwa akimsuka mteja. Alicheka mpaka uzi ukamponyoka. "Mwenza wangu! Huyo hata hajui niliugua malaria. Akipiga ni Wawira hivi, Wawira vile. Mtoto ana kilo ngapi? Anafanana na nani? Kabiru amepata mahali? Mimi ndiye ningeona wivu, mama!"

"Sasa mbona haniulizi mimi?"

Kitana cha Sue kilitulia. "Anaogopa. Aliniambia, nikisikia sauti ya Wawira na iwe imebadilika, nitafanya nini? Heri mlio. Mlio hauna hasira." Akashusha sauti. "Jana alitaka kujua kama bado unaomba. Nikamwambia sijui, nimekuona umenuna."

Jioni hiyo Wawira alinunua kadi ya shilingi hamsini, akaikwaruza kwa ukucha. Asubuhi, saa kumi na mbili kamili, alipiga. Ikalia mara moja. Mbili. Tano. Ikakatika yenyewe.

Kisha simu yake ikalia, mlio mmoja, ikanyamaza. Cherono alikuwa akirudisha flashi.

Wawira alicheka huku machozi yanamtoka, akapiga tena. Akaiacha ilie, ilie, mpaka pakasikika mkwaruzo na sauti iliyojaa hofu: "Wawira! Kata! Umesahau kukata, kredi yako inaliwa!"

"Iache iliwe."

Ng'ombe alilia huko Keringet.

"Sauti yako," Cherono alisema mwishowe, "ni ile ile."

"Imeharibika kidogo. Nimekuwa na wivu."

"Wivu wa nani?"

"Wa Sue."

Cherono aliangua kicheko, kile cha ploti, cha siku walizoanika nguo pamoja. Kilipokwisha, Wawira alisema, "Kabiru bado yuko kwenye hema. Usiulize Sue, niulize mimi. Na mtoto anabarikiwa Jumapili hii, wewe ndiye wa kumbeba. Mimi na Naftaly tutakungoja steji ya matatu, tutembee na wewe mpaka kanisani."

"Wataniangalia."

"Watatuangalia."

Cherono alivuta pumzi. "Nitakuja. Haya, piga magoti, tuombe kabla haijaisha." Akamwombea Kabiru kwa jina, na nyumba yake, akamwombea mtoto, akaanza kumwombea na Sue, na hapo kredi ikaisha, laini ikakatika.

Wawira alibaki magotini, simu kiganjani. Hakuinuka.

Baada ya kitambo kidogo ikalia mara moja, ikanyamaza.

"Amina," alisema Wawira.