Shingo ya Kiroboto

Kibao kilikuwa na ukubwa wa kiganja, na uzi wake ulikuwa mweusi kwa jasho la shingo zisizohesabika. Kilinuka mafuta ya nywele yaliyochacha, mate na, kwa sababu ambazo hakuna aliyethubutu kuzichunguza, soksi. Katika bweni lile la wasichana alivikwa kibao hicho yeyote aliyeteleza akasema neno lisilo la Kiingereza, na hakikumtoka mpaka amnase mwingine. Kengele ya chakula cha jioni ikilia, mwenye nacho alisugua vyoo wiki nzima.

Siku hiyo mwenye nacho alikuwa Kiroboto, bingwa wa vituko. Asubuhi alikuta mende ndani ya kiatu, akapiga yowe, "Mama yangu wee!" Mende hakuadhibiwa.

Tangu hapo kila aliyemwona aligeuka bubu. Kufikia saa kumi na moja alibaki na tumaini moja: Kamusi, rafiki yake wa kitanda cha juu, mwenye subira ya kuufundisha hata ukuta. Akamwendea na daftari, uso umejaa unyonge wa kuazima. Kielezi hukaa wapi katika sentensi? Kiunganishi chaweza kuianza? Na huu wakati wa kitenzi, wa jambo lililoanza zamani na bado linaendelea, ni mdudu gani?

Kamusi akaeleza kwa Kiingereza. Kiroboto akatikisa kichwa. Akaeleza tena, polepole. Kiroboto akajifinya paja chini ya meza mpaka machozi yakamtoka.

Kamusi akatazama kushoto na kulia, akainama.

"Usilie, shoga," akanong'ona kwa Kiswahili. "Chukua mfano wetu sisi. Tulianza urafiki siku ya kwanza hapa, na mpaka leo..."

Uzi ukamwangukia shingoni kabla hajamaliza.

Kamusi hakutukana. Alikifuta kibao kwa leso yake safi, pande zote mbili, kisha akauliza kwa Kiingereza, "Kwa hiyo majibu unayajua?"

"Nayajua."

"Aa. Afadhali. Nilihofia mtihani wako wa kesho."

Kengele ikalia.

Bwaloni Kiroboto alisifiwa kama shujaa aliyerudi kutoka vitani. Akainua kijiko. Vidole vilinuka uzi. Akavipangusa kwenye sketi, akanusa tena. Harufu ilikuwa palepale, na sasa hata mboga ilikuwa nayo, hata vicheko vya wenzake vilikuwa nayo. Akasukuma sahani, akatoka.

Chooni Kamusi alikuwa amepiga magoti, brashi mkononi, kibao kikigusa maji machafu kila alipoinama. Kiranja alisimama mlangoni, ameziba pua.

"Nipishe, dada," Kiroboto akamwambia kwa Kiswahili.

Kiranja akageuka. "Umesema nini?"

Akarudia, kwa sauti ya kusikika hadi bwaloni. Kisha akapita, akachuchumaa kando ya ndoo na kuinamisha shingo.

Kamusi akaweka brashi chini, akakivua kibao. Uzi ulipomfikia Kiroboto ulikuwa umelowa, na bado una joto.