Rangi ya Kucha Juu ya Nati

Fundi alifika karakana ya baba mkwe wake kavaa shati la harusi, mkononi kashika swichi aliyoibuni mwenyewe. Mkewe alikuwa amerudi kwao tangu mvua zilizopita, na mzee alikwisha choshwa na kesi yao. Akatamka kwamba hamsikilizi binti, hamsikilizi mkwe, atasikiliza swichi. Ikizima kompresa, ile mashine ya kujazia upepo, mshale wa geji ukiwa kwenye sita, mke atafunga mizigo leo leo. Isipozima hapo, talaka.

Kwa fundi hilo lilikuwa jambo la kuchekea. Ndani ya swichi, hewa inasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinasukuma springi. Springi ikizidiwa, umeme unakatika. Kaza nati ya juu, mota itachelewa kuzima. Ilegeze, itazima mapema. Asubuhi ile aliijaribu nyumbani, ikakata kwenye sita barabara. Kisha, kama kawaida yake, akapiga mstari mwekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye bodi ya swichi, ili mtu akiigusa nati mstari ukatike naye ajue. Alitumia rangi ya kucha ya mkewe. Chupa zilikuwa mbili. Moja aliichukua zamani, wala hakuomba; nyingine mkewe aliondoka nayo.

Aliifunga swichi kwenye kompresa, akaenda nyuma kunawa na kumwomba Mungu. Mkewe akabaki anafagia. Fundi aliporudi, mstari ulikuwa palepale.

"Haya, Bwana Springi," mzee alisema, akawasha.

Mshale ukapanda. Ulipogusa nne, tak, mota ikazima.

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia mkwe wake kwamba hata balbu ya chooni asingempa aifunge. Fundi aliinama. Mstari ulikuwa mzima, haujakatika wala kupinda. Akaupitishia kidole, kidole kikatoka chekundu. Rangi mbichi, na yake ilikwisha kauka tangu asubuhi.

"Kuna mtu kaigusa, baba."

"Mimi," alisema mkewe. Spana ilikuwa bado mfukoni mwake. "Si ulinifundisha mwenyewe, nikikushikia taa?"

Kicheko cha mzee kikakatika.

"Baba, mchana ule mimba ilipotoka nilimwita. Alikuwa chumba cha pili na hilo dude lake. Akanijibu, ngoja kwanza swichi ikate. Nikangoja, nimelala sakafuni. Basi leo imekata."

Fundi alitafuta neno la kumwambia. Lililomtoka ni kwamba swichi haina kosa lolote. Nati ikirudishwa kidogo tu, itakata kwenye sita, wajionee wenyewe.

Mzee alinyoosha mkono, binti akampa spana.

"Nenda, mwanangu," mzee alisema taratibu. "Talaka utaileta kesho. Hiyo swichi iache."

Hajafika getini, akasikia kompresa imewashwa tena. Akasimama. Akatega sikio, akaufuata mlio wa mota ukipanda na kuwa mzito, mpaka ikakata. Sita kamili, hakuhitaji kuuona mshale. Akatabasamu, kabla hajakumbuka anakwenda wapi.