Kiu ya Dada

Mimi si mtu wa maua, niseme ukweli. Mimi fundi cherehani. Maua ya kwenye vitambaa yananitosha. Ile mimea ya dirishani ilikuwa ya dada yangu, marehemu. Alichukua makopo matatu ya rangi, akayatoboa chini kwa msumari, akaipanda humo, akayatundika dirishani mbele ya cherehani yangu. Majani yake ni viduara vya kijani vinavyoning'inia kama nyuzi za shanga.

"Usiuonee huruma," alikuwa akiniambia. "Huu unakufa kwa maji, haufi kwa kiu. Ngoja majani yasinyae kwanza."

Dada hakuacha mtoto wala picha ya maana. Aliacha makopo hayo. Kwa hiyo nilishika sheria yake kama askari.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi nikaanza kukuta udongo umelowa. Kopo la kwanza likaoza, shanga zikawa uji. Nikafoka nyumba nzima, ingawa nyumba nzima ni mimi na mama. La pili likafuata, kisha la tatu, na hilo nilikuwa nimelitundika juu kabisa. Mwili ulinisisimka, sifichi.

Nikaokoa nyuzi mbili. Nikaziacha zikauke vidonda vya kukatwa siku tatu, nikazilaza juu ya mchanga kwenye kikombe, nikazibana kwa pini za nywele za dada, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe. Kikombe nikakiweka juu ya kabati. Basi, hicho ndicho kilichobaki cha dada duniani.

Jumatano mchana nimetoka kwa mteja, namkuta mama kasimama juu ya kiti changu, gilasi mkono mmoja na kijiko mkono mwingine.

"Mama, shuka. Kumbe ni wewe unayeua mimea ya dada?"

"Ananiomba maji," akasema taratibu. "Kila siku. Anasema wewe ulimnyima."

Nikakaa sakafuni.

Siku ile hospitalini, kabla ya upasuaji, daktari alikataza hata tone. Dada aliniomba mara tatu, midomo imempasuka, nami nikaificha gilasi nyuma ya pazia. Akaingizwa kupasuliwa, hakutoka hai. Chumbani tulikuwa wawili tu. Mama alikuwa nyumbani, na sijawahi kumwambia mtu.

Mama akashuka, akakishusha na kikombe. Mchanga ulikuwa bado mkavu; hakuwahi kuutia hata kijiko. Vimizizi vyeupe ndiyo kwanza vinachungulia. Akanipa gilasi.

"Mpe wewe."

Sheria naijua. Nilijua maji yale yangemaliza kila kitu. Lakini nilikuwa nimechoka kumnyima.

"Kunywa, dada," nikasema, nikamimina gilasi yote, mpaka maji yakafurika mezani na kulowesha gauni la watu.